Mume wangu kila Jumamosi anaenda kumtengenezea mjane pikipiki, nikajifunza ufundi ili niende mimi

Wakuu, heri ya jioni, wa kike kwa wa kiume.

Mimi humu ni msomaji tu, napita kwenye nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo limenifika. Ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe hapa hapa Olmotonyi, na mhusika mkuu yuko nje ya dirisha langu muda huu, ana grisi mpaka kwenye nyusi.

Wale wa kusema "hii chai", kunyweni tu, sukari mtaongeza wenyewe.

Nauza miche ya parachichi na ya miti ya mbao kando ya barabara. Nina mume na watoto wawili. Mume tumwite Baba Glory. Yeye yuko stoo kwenye shamba la maua kule Usa River. Kwa msioijua Arusha, sisi tuko upande huu wa mji na Usa River iko upande ule, kwa hiyo kila siku ya Mungu anavuka mji mzima na pikipiki. Pikipiki ikigoma, kazi hana.

Sasa yote haya yalianza na fundi mmoja wa mtaani ambaye simtaji.

Baba Glory alimwachia pikipiki asubuhi, jioni akairudisha nyumbani inakohoa. Kumbe kabureta yake nzima imetolewa, imewekwa kuukuu iliyosuguliwa ikang'aa. Na alipoichukua alimshukuru yule fundi kwa mikono miwili!

Nilicheka wiki nzima. Nikawasimulia na mashemeji. Jamani, nani asingecheka?

Basi akaapa. "Chuma hiki hakiguswi na fundi tena. Nitakihudumia mwenyewe, hapa hapa nyumbani." Akanunua spana, koleo, bisibisi, kopo la grisi. Kila Jumamosi mchana akitoka kazini anatandika gunia chini ya mti wa mgravilea, anaanza.

Wanaume wenye pikipiki mnajua hiyo hali. Mtu anafungua kitu ambacho hakina tatizo ili akione.

Jumamosi moja akabadilisha oili. Ile bolti ya chini ya kumwagia oili akaikaza kwa nguvu za Samsoni mpaka ikakatika, nusu ikabaki ndani ya injini. Akachutama akachungulia tundu. Halafu akaniambia, "Najua cha kufanya. Nahitaji jiliwa tu. Kwa Mama Lightness lipo."

Hilo jiliwa huku kwetu wanalijua. Ni lile dude la chuma la kubania vitu unapokata au kupiga tupa. Limefungwa kwenye kisiki uani kwa Mama Lightness, mjane wa huko bondeni, tangu enzi za ukoo wa marehemu mumewe. Babu wa marehemu alikuwa anapiga chuma kwenye shamba la Mjerumani, na Wajerumani walipoondoka, jiliwa likaja nyumbani na babu. Mpaka leo linabana.

Akaisukuma pikipiki mpaka kule. Akarudi jioni ameipanda, uso unang'aa. "Nimeitoa mwenyewe," akasema. Nikamsifia.

Kumbe nilikuwa nasifia mwanzo wa presha yangu.

Maana Jumamosi iliyofuata: "Nafika kwa Mama Lightness mara moja, pikipiki yake inasumbua." Iliyofuata tena: "Cheni yake inaruka." Nikiuliza ananiambia, "Mke wangu, yule mjane hana hata mtu wa kumshikia spana."

Ngoja niwaelezee huyo mjane asiye na mtu.

Mama Lightness ni rika langu. Anabeba maziwa kutoka Oldonyo Sambu kupeleka mjini, na pikipiki anaiendesha mwenyewe. Suruali ya jinzi, buti za mvua, kitenge kiunoni, miwani. Vumbi la ile barabara linamfanya kila mtu aonekane mzee, yeye akishuka anajipangusa shavu na leso na amependeza. Sijui Mungu alikuwa anafikiria nini.

Na mume wangu akawa anaoga kabla ya kwenda.

Wakuu, nisaidieni hapo. Nani anaoga kwanza ndipo aende kushika grisi?

Anarudi jua linazama, ananuka petroli, anapiga mluzi. Namwekea sahani ya loshoro, anasema ameshiba. Ameshiba nini? Nilikuwa nalala nimegeukia ukutani.

Na kitu kingine, mwanaume akabadilika hata pale nyumbani. Zamani bolti alikuwa anazitupa kwenye nyasi, tunazitafuta na watoto. Sasa akachukua sinia langu la chapati, anazipanga humo kwa mfuatano, ya kwanza kutoka inakaa huku, ya mwisho kule. Zamani alikuwa anarekebisha tapeti za valvu injini ikiwa ya moto. Sasa ananiambia, "Injini lazima ipoe kabisa, Mama Glory, la sivyo unajidanganya."

Na cheni ndiyo usiseme. "Cheni haipimwi popote. Zungusha gurudumu taratibu, tafuta pale inapokaza, hapo ndipo upime." Alikuwa anasema hivyo amefumba macho nusu, kama mchungaji anayefikia sehemu nzuri ya mahubiri.

Mimi nikajua mapenzi yamemwongezea akili.

Timu kataa ndoa, najua mnasugua mikono. Subirini.

Nikakaa nikawaza. Kugombana naye ningeonekana kichaa. Kumzuia asimsaidie mjane, kanisani wangenisema. Nikaona dawa ni moja: nijifunze huo ufundi mimi, halafu nimwambie, baba, pumzika, leo naenda mimi kumhudumia mwanamke mwenzangu. Nione atasema nini.

Nikaanza kukaa kwenye ndoo pembeni yake kila Jumamosi kabla hajaondoka. Nampa spana, nauliza maswali. Alifurahi! Mwanaume akiulizwa kitu anachokijua anasimulia mpaka ugali unapoa.

Nikajifunza kuangalia plagi: ikiwa rangi ya biskuti iko sawa, ikiwa nyeusi na imelowa, petroli imezidi. Nikajifunza kusafisha chujio la hewa, maana vumbi letu halina huruma. Oili ikichakaa inakuwa nyeusi, ikiwa mpya ina rangi ya asali. Kucha zangu zikaharibika kabisa. Wivu ni mwalimu mkali, aisee.

(Nimerudi, nilikuwa namalizia kumwagilia miche.)

Siku ikafika. Kazini wakawazuia Jumamosi nzima, kuna maua yanapakiwa. Akanipigia simu. "Mwambie Mama Lightness leo siji."

"Nitamwambia," nikajibu kwa sauti tamu.

Nikachukua spana zake, nikachukua na kopo la oili aliyokuwa ameiweka akiba, nikatia kwenye kikapu, nikajifunga kitenge, nikashuka.

Nilimkuta anaosha madumu ya maziwa.

"Karibu, Mama Glory. Mbona na kikapu?"

"Asante. Baba Glory leo hayupo, kwa hiyo fundi ni mimi. Nionyeshe inasumbua wapi."

Akaniangalia. Akaangalia kikapu. Akakunja midomo kuzuia kitu fulani, akasema, "Ipo hapo, endelea."

Nikapiga magoti. Nikatega beseni, nikafungua bolti ya oili. Oili ikatoka ya dhahabu, safi, rangi ya asali.

Nikatoa plagi. Biskuti.

Nikafungua chujio la hewa. Jeupe, ungeweza kuchujia chai.

Wakuu, nikaweka spana chini. Kama hii pikipiki haina ugonjwa wowote, mume wangu Jumamosi zote hizi alikuwa anatibu nini?

Nikawa sijui nafanya nini, nikashika cheni ili tu nisimshike yeye. Nikazungusha gurudumu. Yeye kasimama juu yangu. Nikasema kwa hasira, "Nataka kupima pale inapokaza."

Mama Lightness akapasuka kicheko. Alicheka mpaka akakaa kwenye dumu.

"Hayo maneno ni yangu! Nimemwambia mimi huyo mume wako, mpaka nikachoka."

Nikainuka. Nikamuuliza bila kuzunguka. "Mama Lightness, mume wangu huwa anakuja kufanya nini hapa?"

Akajifuta machozi. "Kujifunza. Marehemu alikuwa fundi wa malori ya mbao huko msituni, miaka yote nimemshikia spana mimi. Pikipiki yangu sijawahi kumpa mtu aiguse, na mumeo ndiye wa mwisho ningempa. Mkono wake mzito. Anajifunzia kwenye injini mbovu ya marehemu, ile pale."

Nikageuka. Pembeni ya jiliwa la Mjerumani palikuwa na injini imefunguliwa, na bolti zake zimepangwa kwenye sinia kwa mfuatano. Sinia kubwa kuliko langu.

"Siku ile ya bolti iliyokatika alikaa pembeni ya hicho kisiki akalia," akasema.

"Akalia?"

"Machozi kabisa. Akaniambia, mimi sijui. Sijui hata naanzia wapi. Nikirudi nyumbani na hiki chuma kimekufa, mke wangu atanicheka mpaka nizikwe. Nifundishe, ila asijue." Akarudi kwenye madumu yake. "Na huwa anakula hapa kwa sababu anafanya kazi. Nami siwezi kumwacha na njaa mume wa mtu."

Sasa mnadhani nilifurahi? Hakuna mwanamke mwingine, hakuna kitanda, mtu anasoma ufundi. Ningepaswa kurudi nyumbani naimba.

Wakuu, ule wivu niliokuwa nao mwanzo ulikuwa wa kitoto.

Tangu anioe, sijawahi kusikia neno "sijui" likitoka kinywani mwa Baba Glory. Tulipotea tukienda msibani Machame, akaendesha mpaka Himo, tumeshaipita na Moshi, huku anasema hii ndiyo njia ya mkato. Glory alipopata homa akasema anajua, ni meno, na mtoto meno yote alikuwa nayo. Mimi nalala na mtu anayejua kila kitu. Na huyu mwanamke wa madumu ya maziwa amemwona anajifuta kamasi na mkono wa shati, anasema sijui, nifundishe.

Kwa nini yeye? Mimi ndiye nimemzalia. Kama ni machozi, yalikuwa haki yangu.

Nikamalizia ile sevisi, nikamimina oili ya mume wangu kwenye pikipiki ya mjane, nikakaza bolti kwa adabu. Mama Lightness akakagua, akasema, "Wewe mkono wako mwepesi kuliko wake." Hata hiyo sifa iliniuma, kwa sababu mbele yake mume wangu alikuwa mwanafunzi na mimi mgeni tu.

Jioni Baba Glory akarudi, akatafuta stoo nzima. "Mama Glory, oili yangu iko wapi?"

"Sijui," nikasema.

Ona lilivyo rahisi. Halijaniua.

Sikumwambia kuwa nimejua. Niliamua nisubiri, nilitaka alilete mwenyewe hilo neno nyumbani kwake. Nikaacha hata kumtania. Nikawa mpole mpaka watoto wakaniuliza kama naumwa.

Jumamosi iliyopita alikuwa na mapumziko kazini, na asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu umeshuka kutoka Meru mpaka kwenye miche yangu. Pikipiki ikagoma kuwaka. Akavuta choki, akapiga kiki, akapiga tena, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Harufu ya petroli mpaka jikoni. Nikajua tayari, choki imeachwa imevutwa, petroli imefurika mpaka kwenye plagi.

Nikaja nikakaa kwenye ndoo yangu. Nikamuuliza polepole, "Baba Glory, unajua tatizo ni nini?"

"Najua."

"Ni nini?"

Akaangalia pikipiki. Akaniangalia mimi. Wakuu, niliona kabisa mdomo unafunguka, neno liko pale mlangoni. Nikashika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

"Kama hujui si vibaya," nikamwambia. "Tutaangalia wote."

"Mimi nisijue?" Akavaa koti lake jekundu. "Ngoja nifike kwa Mama Lightness mara moja, kuna jambo aliniitia."

Akaondoka kwa miguu.

Nikatoa plagi. Nyeusi, imelowa chapa. Nikaifuta na upindo wa kitenge, nikapiga kiki plagi ikiwa nje ili petroli itoke, nikairudisha, nikaondoa choki. Nikapanda juu nikapiga kiki. Ikawaka.

Nikapiga resi, makusudi, isikike mpaka bondeni.

Kutoka pale nilipo niliona koti jekundu juu ya ua wa michongoma, limefika kwenye kona. Lilisimama. Alikuwa anaisikia pikipiki yake mwenyewe inanguruma nyumbani kwake, na anajua aliyebaki nyumbani ni mimi.

Alisimama muda mrefu kidogo. Halafu akaendelea kushuka kwa Mama Lightness.

Aliporudi akaikuta inapoa chini ya mgravilea. Akaigusa injini, ya moto bado. "Nilijua itawaka," akasema. "Niliiacha ipumue tu."

Nikamwambia karibu chakula.

Nilichojifunza? Spana nimejifunza, na sasa majirani wawili wameshaniletea pikipiki zao. Na nimejifunza kuwa mtu anaweza kuwa mwaminifu kwako mwili mzima na bado akampa mwingine kile ulichokuwa unakitaka.

Sasa wanaume wa humu, bila matusi: mkeo amefanya nini mpaka uone ni afadhali ulie kwa jirani? Na kina mama, ningemwambia kuwa nimejua, au niendelee kusubiri? Mwageni hapa chini, nasoma zote.

Yeye yupo hapo nje. Amepiga magoti, anazungusha gurudumu taratibu, anatafuta pale inapokaza.