Kisulisuli cha Hatua Mia Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha Hali ya Hewa cha Tabora alinitoa nje, akaniamuru niangalie mawingu mpaka saa ya chai. Shingo iliniuma siku mbili. "Hiyo ndiyo kazi," alisema. "Mshahara ni wa shingo."

Kutoka Tabora nilipelekwa Mpanda, kisha Kigoma, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kila siku. Mkuu wangu wa pale alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mpole, ila alikuwa na ugonjwa wa rekodi. Alibandika ukutani rekodi za vituo vingine, akazitazama kama mtu anayetazama picha za harusi ambayo hakualikwa.

Mchana mmoja wa masika, kisulisuli kilining'inia kutoka wingu mpaka majini, kikapanda nchi kavu kupita Katonga, kikakata kambi ya muda ya wakimbizi. Hakufa mtu. Mbuzi mmoja alikutwa juu ya paa la ghala, mzima, amenuna.

Vikombe vyetu vya kupimia upepo vilikuwa juu ya mlingoti mbali na hapo, navyo vilionyesha upepo wa kuanikia nguo. Ndiyo maana kisulisuli hupimwa kwa nyayo zake. Upana ni kutoka kitu cha mwisho kilichoharibika upande huu mpaka cha mwisho upande ule. Nguvu ni ngazi, sifuri mpaka tano, kulingana na kilichovunjwa. Nyumba imara ya matofali iking'olewa kwenye msingi, hiyo ni tano. Kambini hakukuwa na tofali hata moja, kwa hiyo kisulisuli chetu kilipata sifuri bila kupewa nafasi ya kujieleza.

Utepe wetu wa kupimia ulikuwa mfupi, nikapima kwa miguu. Asubuhi iliyofuata nilipata hatua sitini. Bibi Msimamizi wa kambi akatangaza kwamba kila kaya iliyo ndani ya upana huo itapewa turubai jipya. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi zilikuwa hatua mia na arobaini. Baada ya chakula cha mchana, mia tatu.

Mkuu alikuja mbio na kalamu. "Hii ni rekodi ya nchi, bwana. Andika."

"Mkuu, hayo maturubai yaliyong'olewa yamekunjwa mara nne na kuwekewa jiwe juu. Upepo haukunji."

"Wewe unajua tabia za upepo wote?"

Nikamfuata mama mmoja kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, aliyekaa na wanawe watatu chini ya miti mitupu ya kibanda chake.

"Mama, turubai lako limeng'olewa na nini?"

"Na upepo, papa."

"Upepo huo huo ukalikunja?"

"Upepo ya huku iko na adabu."

Nilicheka, kisha nikalikunjua ili nimuumbue. Lilikuwa na matundu ya kupitisha kichwa, mengine kayashona kwa uzi wa nyavu. Mtoto wake mdogo alikuwa akikohoa. Wingu jingine lilikuwa limeshasimama juu ya ziwa. Niliona aibu sana. Ningeandika sitini, kaya tisa zingelala pakavu. Ningeandika mia tatu, kambi nzima.

Niliandika mia tatu. Mkuu alitia saini haraka, asije akanipa muda wa kufikiri. Maturubai yalikuja wiki ile ile, naye akapata karatasi ya kubandika ukutani.

Sasa nimestaafu, nakaa Katubuka, hapa hapa Kigoma. Juzi alinijia kijana wa kituoni na kompyuta yake.

"Shikamoo, Mzee. Kuna kisulisuli chako kinatusumbua. Kipana kuliko vyote nchini, lakini nguvu yake sifuri. Wataalamu wameshindwa kukielewa."

Nikamweleza kwamba hatua sitini zilikuwa za upepo, na mia mbili na arobaini zilikuwa za watu. Nilidanganya, na sijutii. Akafungua kompyuta arekebishe rekodi.

"Mwanangu," nikamwuliza, "nyumba yako inavuja?"

"Hapana, Mzee."

"Basi iache hivyo hivyo."