Kadi ya Picha na Uongo wa Umeme

Ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka, mwanangu, nainuka nilipokaa. Nilikuwa nimesimama katika duka la vifaa vya kompyuta Dar es Salaam, begi begani, basi la kurudi Singida linaondoka kesho yake alfajiri. Mkononi nimeshika karatasi ambayo mimi na kaka yangu Ramadhani tuliiandika kwa wiki tatu, tukifuta na kuandika upya. Ilikuwa orodha ya vipuri. Tulitaka kuunda kompyuta yetu wenyewe ya kuchezea gemu, tufungue chumba cha kuchezesha vijana pale kwetu Mwankoko.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu wakati huo. Nimemaliza mafunzo ya kompyuta mjini, kazi sina, na nyumbani nilikuwa situlii. Nikipika, mboga inaungua. Nikienda kisimani, nasahau kilichonipeleka. Kichwani ni kompyuta tu. Ramadhani alikuwa mkulima wa alizeti kule Ilongero, mtu wa maneno machache, na mali yake yote ilikuwa mitamba wawili aliopewa na baba. Mmoja alimuuza ili mimi nisafiri. Hakunisainisha popote, hakunitisha. Aliniambia tu ninunue kilichoandikwa, na nikirudi tusiwashe kitu mpaka Mzee Mghenyi akitazame. Mzee Mghenyi alikuwa fundi redio, ana kibanda karibu na soko, na kila mtu pale mjini aliyekuwa na kitu cha umeme alimjua.

Sasa, pale dukani muuzaji akanionyesha kadi ya picha. Hiki ndicho kipuri kinachochora gemu kwenye skrini, mwanangu, na ile ilikuwa kubwa, ina feni yake, bei yake mara mbili ya ile tuliyoiandika. Aliiwasha mbele yangu. Magari yakapita kwenye skrini, maji barabarani yanaakisi taa. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nikaitazama karatasi, nikaona mahali pa kubana: pawa saplai, kile kiboksi cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia vipuri vingine. Tulikuwa tumeandika kizuri. Nikachukua cha bei ya chini kuliko vyote, chepesi kama kopo tupu. Muuzaji wa watu aliniuliza kama nina uhakika kitaibeba kadi ile. Nikamjibu kwamba nyumbani ninacho kingine. Sikuwa nacho. Na simu ilikuwa mfukoni, ningeweza kumpigia kaka. Sikumpigia, kwa sababu nilijua atakachosema.

Nilifika Singida siku ya pili mchana. Ramadhani alikuwa Ilongero anavuna, ameacha ujumbe kwamba nimsubiri siku tatu. Nilisubiri moja. Kesho yake asubuhi nikatandika kitambaa mezani, nikaanza kufunga. Ubao mkuu unaobeba vipuri vyote, prosesa, memori, kadi yangu, vyote vikakaa. Nilikuwa nimeenda na kurudi mlangoni mara kumi kama mtu anayesubiri mgeni. Nikawasha. Ikawaka. Nikaweka gemu la magari, nikakimbiza gari kwa furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nadhani zilikuwa dakika kumi na tano. Kisha nikasikia harufu ya plastiki, ukafuata mlio mmoja mkavu, na skrini ikazimika. Nilipofungua kasha, pembeni mwa ile kadi palikuwa pamegeuka rangi ya kahawia, na kwenye ubao pia.

Ramadhani aliporudi nilimwambia umeme uliruka.

Nani angebisha? Umeme huruka, watu huunguliwa friji na televisheni. Aliniamini hapo hapo, wala hakuuliza kama mzee aliitazama kwanza. Akaniambia nisilie, ni bahati mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kama angenigombeza. Baada ya siku mbili akasema ameamua kumuuza mtamba wa pili. Safari hii angekwenda Dar mwenyewe, anunue vile vile kama nilivyonunua, kwa kuwa vipuri havikuwa na kosa. Usiku nikawa sipati usingizi, mchana siketi. Nikaichukua ile pawa saplai nikaipeleka kwa Mzee Mghenyi, nikijidanganya kwamba huenda itatengenezeka.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akakipima kile kiboksi kwa kiganja, akakifungua, akachungulia ndani. Akaniuliza kiliungua lini. Nikamwambia siku na saa, nikaongeza kwamba umeme uliruka. Akakiweka chini.

"Binti, asubuhi hiyo umeme haukuruka," alisema. "Nilikuwa nimewasha redio saba hapa, zote ziliendelea kuongea."

Akaendelea taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Kuunguza kitu si ajabu. Mimi nimeunguza vya watu wengi, nikawaambia, wengine wakanitukana. Lakini sokoni nimesikia kaka yako anauza ng'ombe ili akanunue kitu kilekile kilichoungua, kwa sababu anadhani kosa ni la umeme. Ukinyamaza leo, hicho cha pili utakuwa umekiunguza kwa kukusudia."

Nilitoka pale sijui napitia wapi. Nilimkuta Ramadhani uani anapepeta alizeti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: karatasi, kadi, kiboksi, muuzaji aliyeniuliza nikamdanganya, na kwamba niliwasha kabla sijampelekea mzee. Ungo haukusimama mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza swali moja.

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, kaka."

Akapepeta zilizobaki, akazifunga, akapanda bodaboda akarudi Ilongero. Hakuonekana siku kumi na mbili. Lakini mtamba hakuuzwa.

Mimi nilikwenda kwa Mzee Mghenyi nikaomba kazi. Kiangazi kile chote nilichomelea nyaya za redio kwenye benchi lake, na kidogo kidogo nikanunua ubao uliokwisha kutumika, prosesa, na kadi ndogo ya picha. Pawa saplai nilinunua mpya, nzito, ya kwanza kabla ya vyote. Mzee aliipima mkononi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lile gemu la magari, lenye maji na taa, mashine ile haikuliweza, lilikuwa linakwamakwama. Gemu la mpira liliteleza vizuri kabisa, na vijana wa Mwankoko walitaka mpira. Ramadhani alikuja, akaiwasha yeye mwenyewe, akacheza nusu saa, akafungwa mabao sita, akacheka. Chumba kile kilitulisha miaka kadhaa. Tulipatana. Ila kwa muda mrefu, kila aliponituma kitu dukani, alikuwa ananipigia simu nikiwa bado nimesimama kaunta, aulize nimeshika nini. Nilikuwa napokea, namjibu. Sikuwahi kukasirika.

Kwa hiyo wewe unayekusanya vipuri sasa hivi, na najua mikono inakuwasha, nisikilize. Anza kwa kujiuliza utacheza gemu gani, siyo jirani anacheza lipi. Hakikisha kila kipuri kinaendana na mwenzake kabla hujatoa pesa. Pesa zikipungua, punguza kadi, subiri mwaka mwingine uiongeze. Usipunguze kile kinachovilisha umeme vyote. Akiwepo fundi anayejua kuliko wewe, mpelekee atazame, hata kama ni mzee wa redio na wewe una cheti. Kama mali ni ya wawili, orodha haibadilishwi na mmoja. Na ukiunguza, maana kuna siku utaunguza, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako, kabla mtu hajauza cha mwisho alichonacho kwa kukuamini.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, mwanangu. Akujalie mtu wa kukuuliza maswali magumu ukiwa bado dukani. Mashine yako iwake, na watu wako wakae karibu nayo wakicheka. Amina.