Kumtafutia Binti Yangu Mwalimu wa Piano

Binti yangu alipoingia kidato cha nne, mwalimu wao wa muziki alihamishwa, na shule haikuletewa mwingine. Waliokuwa wamechagua somo hilo ni wasichana watatu tu. Mwalimu mkuu akawaita ofisini, akawaambia ya vitabuni watajisomea, lakini kwa mtihani wa kupiga ala kila mmoja ajitafutie mwalimu wa nje. Asiyeweza aliache somo. Wawili wakaliacha siku hiyo hiyo. Wangu alikuja nyumbani, akasimama mlangoni pa jikoni na sare yake, akaniambia, "Mama, mimi siachi." Alitaka kuwa mwalimu wa muziki. Alikuwa akilisema hilo tangu darasa la tano, na hakulibadilisha hata mara moja.

Nami nilikuwa nimechoka. Nalisema mapema ili mtu asije akanihukumu na hali hajui. Nafanya kazi kwenye godauni la majani ya chai huku Changamwe, kusimama tangu saa moja asubuhi, siku sita, Jumamosi peke yake ndiyo tunatoka saa saba. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa, huja nyumbani kama mgeni: hula, hulala, huondoka. Kwa hiyo piano ilikuwa mzigo wangu. Ningependa kusema niliubeba kwa furaha. Wapi!

Mwalimu wa kwanza tulimpata Likoni, kwa tangazo lililobandikwa kwenye duka la kupiga chapa. Sisi tunakaa Mikindani, basi piga hesabu mwenyewe ya safari hiyo, na kivuko juu yake. Alikuwa mtu mzima wa heshima zake, amepiga muziki mahotelini miaka mingi, kanzu imenyooshwa pasi, maneno taratibu. "Karibu bibie, karibu binti, ketini. Muziki ni sikio. Mkono utafuata wenyewe, inshallah." Kisha akakaa kwenye kinanda akapiga yeye. Akapiga saa nzima, macho ameyafumba. Wiki ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo. Tukirudi namwuliza mtoto, "Leo umepiga nini?"

"Amepiga yeye, mama. Lakini amepiga vizuri!"

"Na wewe?"

"Nimesikiliza."

Mara ya nne nikamwambia yule bwana kwa adabu zote nilizo nazo, na Jumamosi mchana adabu zangu huwa si nyingi, kwamba mtihani hautamwuliza mtoto amesikiliza nini. Hakukasirika. Akasema yeye alikaa kwa mwalimu wake miaka miwili, akipika kahawa na kusikiliza, kabla hajaruhusiwa kugusa waya wa udi. Miaka miwili, jamani! Sisi tulikuwa na miezi. Nikamshukuru, nikamchukua mwanangu, hatukurudi tena.

Wa pili alikuwa bibi mmoja wa Frere Town, mwalimu mstaafu, ambaye mama mmoja wa kanisani kwetu aliniambia amefundisha nusu ya wapiga vinanda wa makanisa ya Kisauni. Piano anayo, ya mbao, kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipoiona nikasema moyoni, hapa ndipo. Bibi akaamkiwa, akaitikia marahaba, akatuketisha mezani. Siyo kwenye piano, mezani! Akachukua chaki akachora vibao vyote vya piano juu ya ile meza, vyeupe na vyeusi, akamwambia mtoto aweke vidole aimbe do re mi huku akibonyeza mbao. "Usiloweza kuliimba hutaweza kulipiga," akasema. Akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshaanza kutafuta pa kuegemeza kichwa. "Na wewe, mama, sogea. Utaimba sauti ya pili."

"Mimi, mwalimu?"

"Wewe. Nyumbani akifanya mazoezi mwalimu ni nani? Mimi nitakuwa huku. Sogea."

Ndiyo ilikuwa desturi yake, mzazi hakai nje. Wiki sita nimeimba kwenye meza ile, mimi ambaye hata kanisani hujificha nyuma ya wenye sauti. Siku moja nililala nimekaa wima, bibi akanigonga kidole kwa chaki. Binti yangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa anapapenda pale, hilo lazima niliseme. Njiani alikuwa akiimba noti za kila kitu anachokisikia, honi, muuza maji, kengele ya shule. Lakini wiki ya sita kile kitambaa kilikuwa bado hakijainuliwa, na mimi kichwa kilikuwa kinanigonga.

"Mwalimu," nikasema, "piano ataigusa lini?"

"Akiwa tayari. Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Methali hiyo nimeichukia tangu utotoni. Aliyeitunga hakuwa na mtihani. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia sikumleta mtoto wangu kuimba kwaya, na kwamba mwenye siku nzima ya kukaa ndiye anayeweza kuchora chaki mezani. Bibi akanitazama, akachukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta meza. "Basi mchukue," akasema. Mwanangu alikusanya daftari zake polepole mno, akamshika bibi mkono kumuaga.

Wa tatu alikuwa hapa hapa Mikindani, mpiga kinanda wa kanisa moja la mabati, bwana wa miaka thelathini hivi, mtu wa bara, mwepesi na mcheshi. "Usijali, mathe," akaniambia, "mtoto ataiva chap chap." Na wallahi, aliiva! Siku ya kwanza alitoka na wimbo mzima. Mwezi haukuisha akawa na sita. Mimi nilikuwa sihitajiki, nilikuwa nampeleka hadi mlangoni narudi kulala, usingizi wa Jumamosi alasiri ambao sikuwahi kuujua tangu niolewe. Nikaanza kujisifu kazini. Nikawaambia wenzangu kuna walimu na kuna wapotezaji wa wakati.

Mwanangu mara moja alijaribu kuniambia. "Mama, huyu ananifundisha mahali pamoja tu." Nikamwambia mahali pamoja ni bora kuliko mezani. Hakuendelea, na mimi sikuuliza.

Muhula wa pili ulipokuwa unaisha, shule ikampeleka kwenye majaribio katika shule nyingine yenye mwalimu wa muziki na piano ya kweli. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda, nikasimama nje ya dirisha. Wimbo alioutayarisha aliupiga vizuri, nami nikajivuna pale peke yangu. Kisha yule mwalimu akamwambia aupige tena, safari hii aanzie sauti nyingine, juu kidogo. Nikaona mkono wa kushoto wa mwanangu unapanda juu ya vibao, unapapasa mbao, unatafuta. Alikuwa anatafuta kitufe.

Baadaye ndipo nilipoeleweshwa. Kinanda cha umeme kina kitufe kinachopandisha na kushusha noti zote kwa pamoja, hivyo wapigaji wengi wa makanisani hujua vidole vya mahali pamoja tu, na mwimbaji akianza juu au chini, wao hubonyeza kitufe, vidole havihami. Kanisani haina neno, nyimbo zinaimbwa na Mungu anasikia. Piano ya mbao haina kitufe. Yule mwalimu akamwomba skeli moja, ngazi ya noti za kupanda na kushuka, akamwomba nyingine, mtoto akakwama zote, kisha akamwuliza kwa upole, "Nani alikufundisha, mwanangu?" Binti yangu akasema, "Nimejifundisha mwenyewe." Alikuwa ananifichia aibu mimi.

Ijumaa iliyofuata nilitoka kazini nikaenda Frere Town peke yangu, vumbi la chai bado kwenye nywele. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Nikaomba radhi, na nilimaanisha. Nikamweleza habari ya kitufe, akatikisa kichwa lakini hakunisuta. Nikamwuliza kama mtoto bado anaweza kufika mtihanini.

"Sikio lake ni zima," akasema. "Anaweza. Lakini Jumamosi pekee haitoshi. Mlete Jumatano jioni, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada, mpaka siku ya mtihani. Na wewe uje, kama mwanzo."

Nikasema nitakuja. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najaribu kuona Jumatano hizo, nikitoka godauni na miguu imevimba, nivuke mji mzima nikaimbe sauti ya pili. Sikuziona.

Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa anapika. Hakugeuka. "Mama, nimejaza fomu ya kuacha somo. Nimeacha muziki. Mwalimu mkuu ataipeleka Jumatatu."

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Mwili mzima ulilegea, pumzi ikanitoka kwa sauti, naye ndipo alipogeuka akaniona uso. Aliniangalia kidogo tu. "Nilijua umechoka, mama," akasema, bila hasira, kama vile mimi ndiye mtoto. Jumatatu ilikuwa bado. Neno moja lingetosha, nalo nilikuwa nalo mdomoni, nimetoka nalo Frere Town.

Nikamwambia, "Umefanya vyema, mwanangu," nikavuta kiti nikaketi, naye akanipakulia chakula. Sasa yuko chuo anasomea usafirishaji wa mizigo, na alama zake ni nzuri. Mpaka leo hajui kwamba yule bibi alikubali.