Betri Zilizopimwa Stima Ikiwaka

Jumamosi asubuhi nilikuwa juu ya paa la ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga kule mtaa wa Huruma, nikianika nguo karibu na mlingoti wa simu. Fundi wa kampuni ya simu alikuwa amefungua kabati la betri za mlingoti, zile zinazoshikilia netwaki stima ikipotea. Aligusisha mita kwenye kila betri, akaandika "sawa" kwenye fomu, akaanza kufunga.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mjane, akaweka beseni lake chini.

"Fundi, umezipima stima ikiwa imewaka?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Lakini hapo zinachajiwa, lazima zionekane nzima. Hebu zima stima tuone."

"Zikikataa, mtaa mzima utakosa netwaki."

"Tulishaikosa. Siku mzee wangu alipobanwa na kifua, stima ilikuwa imepotea. Nilipigia ambulensi mpaka nikachoka. Simu haikushika."

Fundi akalifungua kabati tena. Akashusha swichi ya stima. Mama akaishika simu yake kwa mikono miwili, na sote watatu tukaikodolea macho. Baada ya dakika nne, netwaki ikaisha.

Fundi akatoa kalamu, akalikata lile neno "sawa" polepole, kisha akabaki ameinamia fomu kama mtu asiyejua aandike nini.

"Andika dakika nne," mama akamwambia, akarudi kwa nguo zake.

Mimi ni mtu wa ofisi. Nimeandika "sawa" kwenye fomu nyingi sana, na sikumbuki hata moja ambayo kabla ya kuiandika nilizima stima kwanza.