Bata Ishirini wa Papa Siméon

Siméon Kambere alikuwa fundi wa maabara katika taasisi ya kilimo pale Butembo, na kufikia mwaka 2001 maabara hiyo ilikuwa imebaki na meza mbili, mizani moja na yeye. Dawa za kupimia ziliisha mwaka wa kwanza wa vita. Hadubini ilibebwa na askari waliodhani itawaonyesha adui wa mbali. Waliirudisha baada ya wiki, wamekasirika, kwa sababu kila walipoielekeza mlimani waliona giza tupu.

Mimi nilikuwa nafundisha kemia katika chumba cha jirani, wanafunzi walipokuwepo. Kila siku nilimwona Siméon akifika saa moja kamili asubuhi, akipangusa vumbi mezani na kuketi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Nilidhani anasubiri vita viishe. Kumbe alikuwa anasubiri kazi.

Kazi ilikuja mwezi wa tano. Waasi waliotawala mji walikuwa na magunia arobaini ya mahindi katika hangari karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi. Paa lilikuwa limetobolewa na risasi, na mvua ilikuwa imenyesha ndani msimu mzima. Waliamua kuyatoa kama msaada kwa kituo cha lishe cha Mama Mariette, aliyekuwa akiwapa uji watoto themanini waliovimba miguu kwa njaa. Mariette aliletewa gunia la kwanza. Akalifungua, akanusa, akalifunga tena. Kisha akaja kwa Siméon na bakuli moja la mahindi hayo.

"Papa Siméon, uniambie tu: nipike ao nisipike? Batoto banalia."

Siméon alizigeuza punje kiganjani. Zilikuwa na ukungu wa kijani. Kuvu ya namna hiyo inaweza kutoa sumu inayoharibu ini polepole, wala moto wa jikoni hauiondoi. Lakini si kila kuvu ina sumu, na kumnyima mtoto mwenye njaa chakula kwa kuhisi tu ni dhambi nyingine. Ilimlazimu kupima. Akakumbuka jambo alilojifunza chuoni, kwamba kifaranga cha bata hudhoofishwa na sumu hiyo haraka kuliko mnyama yeyote. Madhara ambayo kwa mtoto yangechukua miaka kuonekana, kwa bata huonekana ndani ya wiki tatu.

Alikwenda kijiji cha Kalunguta kwa baiskeli, akanunua vifaranga ishirini, akarudi nao ndani ya kikapu. Aligawa chumba kwa ubao. Kumi walikula mahindi ya Mavivi. Kumi wengine walikula mahindi ya kijiji cha Mbau, gunia moja safi alilolichambua mwenyewe punje kwa punje.

"Bila hawa kumi wa pili," aliniambia, "wale wakifa sitajua kama ni mahindi, ni baridi, ao ni huzuni."

Siku ya nane wale wa Mavivi walianza kunyong'onyea. Manyoya yaliwasimama, wakajikunja pembeni. Siku ya tisa alikuja Bwana Gérard, mkuu wa ugavi wa waasi, pamoja na askari wawili. Zamani alikuwa mwalimu wa uraia. Sasa alikuwa na kofia.

Alisimama mbele ya ubao, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hizi bata za huku zinakula nini?"

"Mahindi ya Mbau, chef," alijibu Siméon, akimwita mkuu kwa Kifaransa.

"Na hizi?"

"Ya Mavivi."

"Kila siku? Zile zinakula ya muzuri, hizi zinakula ya kuoza?"

"Ndiyo kazi yenyewe, chef."

Gérard alivua kofia. "Papa, sisi tulishika bunduki juu ya nini? Juu ya ubaguzi! Na weye unaufuga humu ndani, na ubao katikati!"

Siméon alieleza. Alieleza vizuri, nilimsikia kupitia ukutani. Gérard alimsikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya hakimu aliyekwisha andika hukumu, kisha akaamuru ubao uondolewe. Askari waliung'oa, na mmoja wao akaenda nao kuwashia moto.

Vifaranga walitazamana kidogo. Kisha wote ishirini, wazima na wagonjwa, wakakimbilia mahindi ya Mbau. Fungu la Mavivi halikuguswa tena. Gérard alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Munaona? Mapatano!"

Siku ya ishirini na moja alirudi na karatasi yenye mihuri mitatu. Nje lori lilikuwa linanguruma na yale magunia thelathini na tisa yaliyobaki. Mariette alisimama mlangoni. Alikuwa ameshasema kwamba Siméon akisaini, yeye atapika, maana hana kingine. Gérard alihesabu bata. Ishirini.

"Hakuna yenye ilikufa. Saini."

"Hakuna yenye ilikufa, chef, juu hakuna yenye ilikula tena ya Mavivi."

"Mimi sikuuliza nani alikula. Niliuliza nani alikufa."

Askari mmoja alihamisha bunduki kutoka bega hili hadi lile. Siméon alichukua kalamu.

"Nitasaini, chef. Lakini kwa usawa. Batoto bakule huu uji, na bureau yenu ikule ule ule, asubuhi na mangaribi, wiki tatu. Kisha nitakuja kuhesabu."

"Unanifanya mimi bata?"

"Hapana, chef. Bata zilipewa kuchagua."

Askari wa pili alicheka, akajifanya anakohoa. Gérard alitafuta kosa katika maneno yale kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa msimamo, na hakuliona. Mwishowe aliichukua karatasi, akaandika mwenyewe chini ya mihuri: *Yarudishwe Mavivi kwa uchunguzi zaidi.* Lori likaondoka.

Siméon alikuwa ameshinda, na watoto themanini hawakuwa na uji. Alifunga kwenye baiskeli gunia la Mbau, lililobaki zaidi ya nusu, akalisukuma mpaka kituoni. Mariette aliingiza mkono ndani, akaziacha punje zimtiririke kati ya vidole. Zilikuwa nyeupe, kavu, bila doa.

"Kumbe! Wiki tatu bata yako zilikuwa zinakula kupita batoto yangu."

Siméon alishika mchi, akaanza kutwanga.

Mahindi yale yalitosha siku nne. Siku ya tano alipanda baiskeli kurudi Kalunguta, na safari hii hakuuliza bei ya bata; aliuliza bei ya mahindi.