Tangi la Bawa la Kushoto

Kwa miaka ishirini na sita Luciana amekunja bati hapa mtaani kwetu Sumbawanga: ndoo za maziwa, mifereji ya mvua, matangi ya mafuta ya boti za Kasanga, kule ziwani. Sijasikia boti iliyomrudishia tangi. Ndiyo maana mzee Isakwisa, bwana kilimo mstaafu kutoka Mbeya, alimwendea alipofika kwenye matangi ya ndege yake. Ndege hiyo ilikuja vipande vipande kwenye makasha, naye huu ni mwaka wa tatu anaiunga katika ghala tupu la mahindi.

Watu walicheka. "Mama Kelvin," Stanley wa duka la vipuri alimwita Luciana kila asubuhi, "ukimaliza ndege utuundie na treni!"

"Nitaunda, ila wewe utapanda behewa la ng'ombe."

Matangi yalikuwa mawili, moja kila bawa. Maungio hupakwa gundi ya kuzibia, kisha bati hupigwa riveti, misumari ya kulibana, gundi ikiwa bado mbichi. Ikikauka kabla, haishiki tena. Isakwisa alimweleza hayo mara mbili. Luciana alielewa mara ya kwanza.

Lakini ilikuwa Juni, na Juni ya huku kwetu Ufipa vidole hufa ganzi. Siku ya kufunga bati la nyuma la tangi la kushoto, Luciana aliweka jiko la mkaa kando ya meza, kama tufanyavyo sote nyumbani. Akapaka gundi. Jirani yake Zita akapita na habari za msiba, wakasimama mlangoni. Aliporudi, gundi ya upande wa jiko ilikuwa imefanya ngozi. Aliigusa, haikunata. Akabandika bati hivyo hivyo, akapiga riveti.

Yeye na Isakwisa walilipima tangi kwa puto. Waliziba matundu yote ila moja, wakatia upepo kidogo, wakafunga puto kwenye tundu la kupumulia. Puto likilegea, tangi linavuja. Asubuhi lilikuwa limenyauka. Luciana alifungua mdomo aseme, Isakwisa akamtangulia.

"Usihofu, mama. Baridi tu hiyo, upepo umesinyaa. Mchana litajaa."

Na mchana lilijaa, likakaza. Siku ya pili vivyo hivyo.

"Limepita!" Isakwisa alisema. "Nampigia Atupele ajiandae. Mwanangu ndiye abiria wangu wa kwanza."

Hapo wengi wetu tungenyamaza, tena tungejiona waaminifu, kwa kuwa kipimo kimekubali. Luciana alivua aproni yake.

"Baba, lifungue."

"Si limepita?"

"Puto ndilo limelipitisha. Mimi sijalipitisha." Akamweleza habari ya jiko, bila kumtaja Zita.

Isakwisa alichukua drili, akazitoa riveti moja moja. Walipopenyeza bisibisi na kulikongoa bati, upande mmoja lilipinda kwa jinsi lilivyoshika. Upande wa jiko gundi ilibanduka nzima, kama utandu wa maziwa; riveti tu ndizo zilizokuwa zimelibana bati.

Mzee aliketi juu ya kasha, akaligeuzageuza bati lililopinda.

"Bati jingine kama hili ni miezi minne kufika," alisema.

"Tafuta fundi mwingine, baba. Nimekuharibia."

"Nimtafute wapi?"

Jumatatu Stanley alimwona mzee akipita dukani. "Shikamoo mzee! Ndege bado tu?"

"Marahaba. Bado," alijibu Isakwisa bila kusimama. "Fundi wangu hajaridhika."