Siku Kabula Aliposogea

Mvua za kwanza zilipoligusa pori la miyombo nyuma ya kijiji chetu, Kigwa, harufu ya majani yaliyooza na udongo mbichi iliingia mpaka jikoni, na mama akajua uyoga umeanza kuchipua. Msimu huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu Kabula saba. Kila asubuhi tulitumwa kuutafuta tukifuata njia ya zamani ambayo wazee walisema wapagazi waliipita na meno ya tembo. Mimi nilitaka kikapu kijae turudi. Kabula alitaka wadudu. Aliinamia vishimo vya mchangani akisubiri sisimizi ateleze aliwe na mdudu aliyejificha chini; alifuata kwa kidole michoro myeupe ambayo viwavi huiacha ndani ya jani; alinusa unga wa mbao uliomwagika chini ya matundu ya mninga. "Kaka, njoo uone, huyu amehama nyumba!" Nami nilimjibu, "Analiwa na ugali huyo?"

Siku moja uvumilivu uliniisha. Nilitandika kanga ya mama chini ya mti, nikamkalisha. "Kaa hapa. Ukisogea hata hatua moja, leo utalala na fisi." Nikaenda zangu. Uyoga ulikuwa mwingi, nikakawia. Niliporudi, kanga ilikuwa nyeusi. Siafu walikuwa wakipita juu yake, mkondo mnene kama mkono wangu, wengine wakitawanyika kila upande, na Kabula hayupo. Nilikuwa nimewahi kuona walichowafanyia kuku wetu bandani. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka, nikiwakanyaga bila kuhisi wanavyoniuma.

Aliitika kutoka juu ya kichuguu, analia. Panzi, mende na buibui walikuwa wamempita wakikimbilia upande mmoja. Akaelewa kuna kitu nyuma yao, akawafuata. Nilimkimbilia nikamshusha. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, nisamehe, nimesogea." Nami, niliyepaswa kuomba radhi, nilikunja uso nikasema, "Haya, nimekusamehe."

Niliuweka moyoni uongo huo hadi uzee. Nilisoma sekondari, nikafanya kazi, nikalea watoto, nikawafundisha kukiri makosa yao. Mwaka huu Kabula alikuja kutoka Usinge kutibiwa macho, na tukiwa tunamenya karanga nikamwambia kwamba siku ile mkosaji nilikuwa mimi. Alicheka mpaka ungo ukapinduka. "Kaka nawe! Nilikuogopa, lakini siafu niliwaogopa zaidi." Kisha akafuta macho, akasema kumbe miaka yote hiyo amekuwa akijihesabu mtoto mkaidi, na hata wajukuu amewasimulia hivyo. "Basi ukawaambie mwenyewe," akasema. Jioni hiyo, kabla ya chakula, niliwaambia wajukuu wote, wangu na wake aliokuja nao, naye akiwa amekaa pembeni yangu, kidevu juu kama aliyeshinda kesi.

Pori lile sasa ni mashamba ya tumbaku. Siwezi hata kumwonyesha mtu mahali nilipomwacha. Uyoga tunanunua sokoni, na wajukuu wetu wanawafahamu siafu kwa jina tu. Hayo nayasikitikia. Lakini asubuhi baada ya kuwaambia wajukuu, jua lilinikuta bado kitandani, nimelala fofofo, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nilipostaafu.